Je, Roki Progresivu Ilipendwa Kiasi Gani Hasa?

Mhariri ameniomba makala ya historia isiyohusu vita wala wafalme, nami nimechagua muziki. Katika mikutano yetu haukosekani ubishi juu ya muziki wa Uingereza wa miaka ya 70, hasa ule ulioitwa roki progresivu, maana yake roki yenye kusonga mbele. Wako wenzetu waliosoma huko siku zile, nao hushikilia kwamba hakuna kijana ambaye hakuusikiliza. Wako wengine wasemao kwamba muziki huo ulikuwa wa wanafunzi wachache wa vyuo vikuu wenye nywele ndefu, na kwamba ulipozikwa mwaka 1977 hakuna aliyelia. Mimi nimefundisha historia kwa miaka mingi, na watu wakibishana namna hii kazi ya mwalimu wa historia ni kuuliza: mmepima kwa kipimo gani? Anayepima kwa kibaba na anayepima kwa pishi hawatapata hesabu moja hata wakipima mchele uleule.

Kwanza nieleze muziki wenyewe kwa ajili ya vijana. Mwishoni mwa miaka ya 60, vijana wa Kiingereza waliokuwa wakipiga roki ya kawaida walianza kuichanganya na jazi, na muziki wa okestra za Ulaya, na sauti za vinanda vipya vya umeme kama vile Mellotron na Moog. Wimbo uliozoea kwenda dakika tatu ukarefushwa hadi kufika dakika ishirini, ukajaza upande mzima wa santuri kubwa. Watu wengi huanza hesabu na bendi ya King Crimson, ambayo santuri yake ya kwanza, In the Court of the Crimson King, ilitoka Oktoba 1969 ikafika nafasi ya 5 katika orodha ya mauzo ya Uingereza. Pamoja nayo walisimama Yes, Jethro Tull, Pink Floyd, Genesis, na watatu waliojiita Emerson, Lake and Palmer.

Wanafunzi wa shule hii wajue kwamba Genesis iliundwa mwaka 1967 na wanafunzi wa shule ya sekondari, Charterhouse, shule ya bweni iliyoko Surrey. Akina Peter Gabriel na Tony Banks walikuwa vijana wa umri wenu. Santuri yao ya kwanza ilitoka mwaka 1969, na yasemekana ilipata wanunuzi mia kadhaa tu. Sitaji jambo hili kwa mzaha. Bendi nyingi za muziki huu zilibaki katika hali hiyohiyo hadi mwisho.

Sasa tutazame kipimo cha kwanza, mauzo ya santuri kubwa. Hapa wenzetu wanaousifu muziki huu wana haki ya kutamba. Mwaka 1971 Tarkus ya Emerson, Lake and Palmer ilishika nafasi ya 1 Uingereza. Mwaka 1972 Thick as a Brick ya Jethro Tull, ambayo ni wimbo mmoja uliotandazwa pande zote mbili za santuri, ilifika nafasi ya 1 Marekani, na mwaka uliofuata A Passion Play ya bendi hiyohiyo ikafanya vivyo hivyo. Yes nao walitoa Tales from Topographic Oceans mwishoni mwa 1973, santuri mbili kubwa zenye nyimbo nne tu kwa jumla, nayo ikapanda hadi nafasi ya 1 Uingereza. Kijana Mike Oldfield, aliyekuwa bado hajatimiza miaka 20 aliporekodi Tubular Bells karibu peke yake, aliiona kazi hiyo ya 1973 ikifika nafasi ya 1 Uingereza mwaka 1974. Na juu ya zote ipo The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd, ya Machi 1973. Marekani ilikaa nafasi ya 1 kwa juma moja tu, lakini kufikia mwaka 1988 ilikuwa imehesabiwa katika orodha ya santuri 200 za Marekani kwa zaidi ya majuma 700. Watu wachache hawawezi kufanya hivyo.

Kipimo cha pili ni mikusanyiko. Tarehe 6 Aprili 1974, katika tamasha la California Jam, Emerson, Lake and Palmer na Deep Purple walikuwa ndio vinara mbele ya umati uliokadiriwa kupita watu 200,000. Agosti 1977 Emerson, Lake and Palmer walijaza uwanja wa Olimpiki wa Montreal kwa watu wapatao 78,000. Hayo ni makutano ya fainali ya kandanda.

Lakini tugeuze sarafu. Kipimo cha tatu ni santuri ndogo, ile ya nyimbo mbili, ambayo mtoto wa mfanyakazi aliweza kuinunua kwa fedha yake ya mfukoni, na ambayo ndiyo iliyopigwa redioni mchana kutwa. Hapa roki progresivu karibu haionekani. Waliotawala Uingereza kati ya 1971 na 1975 ni T. Rex, Slade, Osmonds na Bay City Rollers. Genesis, pamoja na sifa zote walizopewa, hawakuipata nafasi ya juu kuliko ya 21 kwa santuri ndogo kabla Peter Gabriel hajaondoka mwaka 1975. Hata katika santuri kubwa, ambako muziki huu ulikuwa nyumbani, majirani walikuwa wengi na wenye nguvu. Mwaka 1972 mkusanyiko wa nyimbo za zamani za miaka ya 50, uliotangazwa kwenye televisheni, ulikaa nafasi ya 1 Uingereza kwa majuma kadhaa. Mwaka 1974, uleule ulioanza na Yes wakiwa kileleni, mkusanyiko wa nyimbo za Carpenters ulishika nafasi hiyo kwa jumla ya majuma 17. Mama aliyekuwa jikoni akisikiliza Carpenters hakuandika makala gazetini, na wahenga walikwisha sema: asiyekuwapo na lake halipo.

Kuna bendi moja iliyoyavuka mapengo haya, na sisi wa Afrika Mashariki tunayo sababu ya kuitaja. Mwaka 1975 Queen walitoa Bohemian Rhapsody, wimbo wa karibu dakika sita wenye sehemu mbalimbali zilizoshonwa pamoja kwa namna ya roki progresivu, lakini wakautoa kwa santuri ndogo. Ulikaa nafasi ya 1 Uingereza kwa majuma 9. Mwimbaji na mtungaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Hata hivyo wataalamu wengi hawaihesabu Queen kuwa bendi ya progresivu halisi. Tazameni basi jinsi jina linavyoweza kupunguza au kuongeza hesabu. Kadhalika Stevie Wonder wa Marekani alitumia vinanda vya umeme vya aina ileile, akatunga santuri kubwa ndefu zenye fikra nzito, na Songs in the Key of Life ya 1976 iliingia katika orodha ya Marekani moja kwa moja kwenye nafasi ya 1. Kwa kawaida hakuhesabiwa katika roki progresivu. Aliitwa mwimbaji wa soul, kwa kuwa ni mtu mweusi. Anayegawa majina ndiye anayegawa sifa.

Basi ni nani waliousikiliza muziki huu? Aghalabu ni vijana wa kiume, wengi wao wanafunzi, wenye chumba, gramafoni na muda wa kukaa kimya dakika arobaini. Haukuwa muziki wa kuchezwa, na kwa hiyo haukuingia katika ukumbi wa dansi. Uingereza ulikuzwa na kumbi za vyuo vikuu. Marekani ulikuzwa na stesheni za redio za FM, ambazo tangu mwishoni mwa miaka ya 60 zilianza kupiga nyimbo ndefu ambazo stesheni nyingine zilizikataa. Kampuni za santuri ziliufurahia, kwani santuri kubwa moja iliingiza fedha za santuri ndogo kadhaa. Kwa hiyo wapenzi wake walikuwa wachache kuliko kelele zao, lakini kila mmoja alinunua kwa wingi na alishika kwa nguvu. Kisima chembamba huweza kuwa na maji mengi kikiwa kirefu.

Tena, hesabu hubadilika ukivuka mpaka. Pawn Hearts ya Van der Graaf Generator, ya 1971, haikuingia kabisa katika orodha ya mauzo ya Uingereza, nchi ya wenyewe. Italia ilishika nafasi ya 1. Genesis nao walishangiliwa Italia wakati kwao walikuwa bado wanahangaika. Wataliano waliunda bendi zao wenyewe za namna hiyo, mojawapo ikiwa Premiata Forneria Marconi ya Milano. Kwa upande mwingine Gentle Giant, Waingereza waliokuwa mafundi wa kupigiwa mfano, hawakuiona orodha ya santuri ya kwao hata mara moja. Asemaye "muziki huu ulipendwa" hana budi kuongeza: wapi, na bendi ipi.

Limebaki lile neno la maziko ya 1977. Wengi hufundishwa kwamba vijana wa punk walitokea na nyimbo zao za dakika mbili na kuifagia roki progresivu siku moja. Kijana mmoja wao, Johnny Rotten wa Sex Pistols, alikuwa akivaa fulana iliyotangaza kwamba anawachukia Pink Floyd. Lakini tazameni orodha za mwaka huohuo. Animals ya Pink Floyd ilifika nafasi ya 2 Uingereza. Going for the One ya Yes ilishika nafasi ya 1 mwezi Agosti. Emerson, Lake and Palmer walifika nafasi ya 2 kwa santuri ndogo isiyo na mwimbaji, waliyoitengeneza kutokana na kazi ya mtunzi Mmarekani Aaron Copland. Mgonjwa huyu alikuwa akila vizuri siku ya mazishi yake.

Waliobadilika mapema ni waandishi wa magazeti ya muziki ya London, ambao walikuwa wameusifu muziki huu kupita kiasi, kisha wakaukana kupita kiasi. Na gharama nazo zilikuwa zikiwaelemea wanamuziki wenyewe. Emerson, Lake and Palmer walisafiri Marekani mwaka 1977 na okestra ya wapigaji wapatao 70, na baada ya maonyesho machache ikawabidi kuiacha njiani kwa kukosa fedha. Ngoma ikilia sana hupasuka. Waliosalia walifupisha nyimbo. Yes walifika nafasi ya 1 ya santuri ndogo Marekani mwaka 1984 kwa Owner of a Lonely Heart, na Genesis mwaka 1986 kwa Invisible Touch, kila wimbo wa dakika chache na wa kuchezeka. Yaani bendi hizi zilipata wasikilizaji wengi kupita wakati wowote zilipouacha ule muziki tunaobishania. Mtu akizijumlisha santuri zote walizouza maishani, kisha akaziita ushindi wa roki progresivu, anahesabu mavuno ya mahindi katika shamba la mpunga.

Hukumu yangu ni hii. Roki progresivu haikuwa sauti ya kizazi kizima cha Uingereza, wala haikuwa mchezo wa watu kumi. Kati ya 1970 na 1977 bendi zake tano au sita zilisimama sawa na wakubwa wote wa dunia katika santuri kubwa na katika viwanja. Nyuma yao walisimama makumi ya bendi zilizolala njaa, na pembeni mamilioni ya watu waliokuwa wakicheza muziki mwingine kabisa.

Nanyi vijana, siku moja mtaulizwa ni muziki gani uliopendwa zama zenu. Msijibu kwa kutazama bweni lenu peke yake. Waulizeni pia dereva wa basi, mpishi wa shule, na dada zenu nyumbani, kisha andikeni walichosema, maana watakaokuja baada yenu wataamini kile tu watakachokikuta kimeandikwa.