Zebaki si Sayari

Miaka kadhaa iliyopita niliandika makala fupi kuhusu sayari, nikataja "sayari ya Zebaki", jina nililokuwa nalo kichwani tangu shuleni. Asubuhi ile ile mzee mmoja wa Tanga akanipigia simu. Nikamwamkia, akaniuliza habari za nyumbani, kisha akaingia kwenye hoja: "Mwanangu, zebaki wanayo wachimba dhahabu. Ile ya angani ni Utaridi. Nani kawabadilishia?"

Sikuwa na jibu. Nikaanza kulitafuta.

Kumbe jibu linapitia kwenye Kiingereza. Sayari iliyo karibu zaidi na jua Waingereza wanaiita Mercury, jina la mungu wa Warumi, na jina hilo hilo wanalitumia kwa ile metali ya majimaji inayong'aa. Vitu viwili, neno moja. Kiswahili kilikuwa na maneno mawili, yote ya asili ya Kiarabu: zebaki kwa metali, Utaridi kwa sayari. Ni rahisi kuona kilichotokea. Mtu alifungua kamusi, akakuta Mercury ni zebaki, basi, akaipandisha mbinguni.

Utaridi ana ndugu zake: Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Hao watano ndio wanaoonekana kwa macho matupu, na majina yao yalifika pwani kwa njia ya Bahari ya Hindi, pamoja na dini, biashara na elimu ya falaki. Neno sayari lenyewe linatokana na Kiarabu, lenye maana ya kitu kinachokwenda. Waarabu wa leo wanaliita hivyo gari. Wazee waliona kwamba nyota nyingi hazibadilishi nafasi baina yao, lakini hizi tano zinahamahama. Sababu tunaijua sasa: nyota ni kama jua letu, inatoa nuru yake yenyewe kwa kuunganisha hidrojeni kuwa heli, sayari inalizunguka jua na kuakisi nuru ya kuazima.

Lakini si kila neno la angani lilikuja kwa jahazi. Kuna Kilimia, kile kifungu kidogo cha nyota zilizobanana, ambacho Wazungu wanakiita Pleiades. Ndani ya jina hilo kuna kulima. Huku kwetu kinapotea machweo mnamo Mei, kisha mwezi Juni kinachomoza tena alfajiri, na wakulima walikitumia kupima majira ya mvua na kiangazi. Wazulu na Waxhosa, maelfu ya kilomita kusini, wanakiita isilimela, na humo pia kuna kulima. Yaani ni neno la Kibantu, la watu waliotazama juu wakiwa na jembe begani.

Kilimia pia ndicho kilichonisaidia kuelewa mwaka wa nuru. Kwa jina unadhani ni kipimo cha muda, kumbe ni cha umbali: safari ya nuru kwa mwaka mmoja, karibu kilomita trilioni 9.5. Kilimia kiko umbali wa takriban miaka ya nuru 440. Kwa hiyo nuru inayoingia machoni mwangu leo ilianza safari karibu na zama zile Wareno walipojenga Ngome ya Yesu, Mombasa, kazi iliyoanza mwaka 1593. Ukikitazama Kilimia, unatazama zamani.

Sisemi tusikope. Uranus iligunduliwa kwa darubini mwaka 1781, na Neptune mwaka 1846. Hazikuwa na majina ya kale kwetu, kwa hiyo kuziita Urani na Neptuni hakuna ubaya. Kinachoniuma ni kukopa kwa jirani kitu kilichomo kabatini kwako, tena ukaletewa kibovu. Mtoto anayesoma Zebaki anajifunza, bila kuambiwa, kwamba babu zake hawakuwahi kuiona sayari ile mpaka Mzungu alipoitaja. Si kweli. Waliiona, wakaipa jina, wakalitunza kwa karne nyingi.

Nilimpigia tena yule mzee kumweleza niliyoyapata. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sasa hayo uliyoniambia mimi, waambie na wao."