Barabara ya Nyumbani Ndiyo Iliyotugawia Mji

Ndugu wanachama na marafiki wa Same,

Tulipofunga hesabu za mwaka huu tuliacha kupanga majina ya wachangiaji kwa alfabeti, tukayapanga kwa mahali wanapoishi. Yakajipanga kando ya Barabara ya Morogoro: Ubungo, Kimara, Mbezi, Kibamba, Kiluvya. Mbagala tulipata majina ya kuhesabu kwa vidole.

Mkoloni alikuwa na ramani yake ya Dar es Salaam: Wazungu Oysterbay, Wahindi Uhindini, Waafrika Kariakoo, na Mnazi Mmoja pakaachwa wazi katikati. Lakini ndani ya Kariakoo wageni walijipangia wenyewe. Nyumba ya Kiswahili, yenye vyumba huku na huku vya ukumbi, ilipangishwa chumba kimoja kimoja, na aliyetoka bara alifikia kwa ndugu aliyemtangulia. Mtaa wa Nyamwezi na Msikiti wa Manyema bado vinataja waliofika. Vyama vyao vilizika wafu na kumsaidia aliyekwama. Baada ya Uhuru vyama vya kikabila havikutakiwa tena, ila misiba haikukoma, na kazi ile ikaendelea bila jina.

Wazee wetu wengi hawakuwa huko. Mji wao ulikuwa Tanga, kwa kuwa reli yetu iliishia Tanga na kazi ya mkonge ilikuwa njiani. Reli ya kuunganisha Mnyusi na Ruvu ilifunguliwa mwaka 1963, ndipo Dar es Salaam ikaanza kuwa karibu. Kisha basi likachukua nafasi ya treni, na basi la kutoka kwetu, kupitia Segera na Chalinze, huingia mjini kwa Barabara ya Morogoro.

Mtu hununua kiwanja pale anapoweza kushuka usiku na gunia la mahindi bila kukodi gari la pili. Ndugu zetu wa Lindi na Mtwara, walioingia kwa Barabara ya Kilwa, wengi wako Mbagala kwa hesabu hiyohiyo. Tulinunua mashamba ya wenyeji, mara nyingi kwa karatasi iliyosainiwa mbele ya mjumbe. Wapimaji walikuja baadaye, nyumba zikiwa zimeshajaa. (Sisi wahasibu tungeita hiyo kuingiza vocha baada ya malipo.)

Tulilipa pia. Mwaka 2017 nyumba zilipobomolewa kuanzia Kimara hadi Kiluvya kupisha upanuzi wa barabara, baadhi yetu tulipoteza akiba ya miaka ishirini. Wengi wa waliobomolewa hawakuhamia upande mwingine wa mji. Walisogea mbele, kuelekea Kibaha, barabara ileile.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani Dar es Salaam, na kati yao wamo watoto wetu. Ukiwauliza kwao ni wapi, wanasema Kimara, na hawadanganyi. Makande wanayajua, njia ya kupanda kwa bibi hawaijui. Katika daftari la bweni la wasichana, karibu kila jina ni la aliyezaliwa nyumbani. Wanaochangia wanazeeka, na bweni bado halina paa.

Kwa hiyo fomu ya ahadi ya mwaka huu ina safu mpya: jina la mtoto na kiasi chake, hata kama ni shilingi elfu moja. Mweka hazina atakaa mlangoni siku ya harambee, na risiti ya mtoto itaandikwa kwa jina lake mwenyewe.