Tauni ya Amwas: ni nani waliokufa?

Mwaka 18 Hijria tauni iliingia Amwas, Palestina, penye kambi ya jeshi la Waislamu. Wakafa maelfu. Abu Ubayda (r.a.), aliyebashiriwa Pepo, akafariki. Akashika uongozi Muadh bin Jabal (r.a.), mwanawe akatangulia, naye akafuata. Sasa wewe usemaye maradhi humpata mwenye imani haba, hawa walipungukiwa nini? Imani walikuwa nayo. Shida ni kambi: askari na watu wao wamebanana pamoja, na panya na viroboto hufuata palipo na watu na nafaka. Amr bin al-As (r.a.) alipochukua uongozi aliwaamuru watawanyike milimani. Wapo waliompinga waziwazi. Watu wakatoka, tauni ikaondoka.