Mbio za Aintree

Karibu na mji wa Liverpool, Uingereza, pana uwanja uitwao Aintree. Humo, msomaji, hufanywa kila mwaka mbio za Grand National: farasi hukimbia zaidi ya maili 4, na huruka nyua na mitaro mara 30.

Mwaka 1839 alishinda farasi Lottery. Lakini aliyeacha jina ni Kapteni Becher, aliyetupwa na farasi wake kijitoni. Kijito kile chaitwa kwa jina lake hata leo. Kumbe kuanguka nako huleta sifa!

Tangu 1843 farasi hodari hubebeshwa uzito zaidi, ili mnyonge naye apate tamaa. Usidhani ni jambo dogo: ratili chache za risasi, baada ya maili 4, ni mzigo mkubwa.

Mwaka 1967 farasi asiye na mpandaji alikatiza mbele ya ua wa 23. Wenziwe wakagongana, wakasongamana. Foinavon, aliyekuwa nyuma sana na hakudhaniwa na mtu, akapata upenyo, akaruka, akashinda.

Lakini farasi wengi wamekufa uwanjani humo, na lawama zimekuwa nyingi. Nyua zimepunguzwa ukali, na tangu 2024 farasi hawazidi 34, badala ya 40.