Kambove: pompa ikivunjika, nani ataitengeneza?

Tunapozungumza juu ya misaada ya vijijini, mara nyingi tunauliza kwanza: nani atatoa pesa? Vijiji vya Kambove vinatufundisha kuanza na swali jingine: pompa ikivunjika, nani ataitengeneza?

Kutoka mkono wa kampuni

Kambove iko kaskazini-magharibi ya Likasi, katika jimbo la Haut-Katanga. Ni nchi ya shaba na kobalti. Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilichimba huko, na baada yake Gécamines. Kwa miaka mingi kampuni ndiyo iliyowapa wafanyakazi wake nyumba, shule, hospitali na unga, hata watu wakaiona kama baba. Gécamines ilipodhoofika, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kazini kwa malipo ya mwisho katika miaka ya 2003 na 2004. Familia nyingi zikabaki bila baba huyo. Mradi unaosimama juu ya mkono mmoja huanguka siku mkono ule unapoondolewa.

Haki zilizo katika sheria

Sheria ya madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, inawapa wakaaji mambo matatu:

- 15% ya redevance, yaani malipo ya kampuni kwa madini inayouza, ni fungu la mji, komini, sekta au chefferie ambako madini yanachimbwa.
- Kampuni inapaswa kutia sahihi cahier des charges pamoja na jamii ya mahali. Hayo ni maandiko ya ahadi zake, kama barabara, shule, maji na afya.
- Kampuni hutenga angalau 0.3% ya mauzo yake ya mwaka kwa miradi ya jamii. Ikiuza kwa dola milioni 100, fungu hilo ni dola 300,000.

Hiyo si sadaka ya tajiri, ni haki. Lakini haki isiyojulikana haidaiwi. Kijiji kisicho na komite wala orodha ya mahitaji yake kitachaguliwa mradi na watu wengine. Kitapata jengo la rangi nzuri, na wamama wataendelea kuchota maji mtoni.

Kijiji kikijiongoza

Mfano mzuri katika Kongo ni mpango wa Village Assaini, wa Wizara ya Afya pamoja na UNICEF. Kijiji huchagua komite yake, hutazama hali yake, hufanya mpango, na wakaaji huchimba vyoo vyao wenyewe. Kati ya masharti ya kupata cheti, angalau 80% ya watu wawe na maji safi, angalau 80% ya nyumba ziwe na vyoo vyenye usafi, na kijiji kifagiliwe angalau mara moja kwa mwezi. Hakuna mgeni anayeweza kufagia kijiji kila mwezi. Wenyeji tu ndio wanaoweza.

Ndivyo ilivyo kwa pompa pia. Familia 120 zikitoa franka 500 kila mwezi, mwaka mmoja ni franka 720,000. Pesa hizo zinaweza kununua vipande vya kubadilisha kabla ya kungojea mfadhili. Mwenye shamba asiye na pesa atoe mahindi wakati wa mavuno.

Kazi ya kanisa

Katika Nehemia 3, wengi walijenga ukuta mbele ya nyumba zao wenyewe. Katika 2 Wakorintho 8, Paulo hakubeba changizo peke yake. Ndugu mmoja alichaguliwa na makanisa asafiri naye, ili pasiwe na lawama juu ya pesa.

Basi tunashauri mambo manne. Mchungaji asiwe mshika-pesa wa mradi. Komite iwe na wamama, kwa sababu wao ndio wanaojua njia ya maji. Hesabu zisomwe mbele ya watu wote kila mwezi, hata mbele ya wale wasiosali kwetu. Na kijana mmoja na mama mmoja wafundishwe kutengeneza pompa kabla mfadhili hajarudi kwake.

Msaada wa ndugu wa mbali ni baraka, nasi tunaushukuru. Lakini uje kukuta daftari limefunguliwa na kijiji kimekwisha kuanza kuchimba.