Vichocheo vya kutoa hidrojeni kwenye vimiminika vya kikaboni

Vichocheo hivi ni metali, hasa platini na paladi, zinazoharakisha kuachiliwa kwa hidrojeni iliyofungwa ndani ya kimiminika. Hidrojeni peke yake ni gesi nyepesi mno. Kuisafirisha huhitaji mitungi ya shinikizo kubwa au ubaridi wa nyuzi 253 chini ya sifuri. Ikiunganishwa na tolueni hupatikana metilisikloheksani, ambayo hupakiwa kama petroli. Gesi ikishatolewa, tolueni hurudi kujazwa hidrojeni upya.

Utoaji hufanyika kwenye joto la nyuzi 300 hivi. Punje za platini, nyingine zenye upana wa nanomita moja tu, hutandazwa juu ya vidonge vya alumina vilivyojaa vinyweleo. Molekuli hutua juu ya punje, vifungo vya kaboni na hidrojeni vikakatika, atomi za hidrojeni zikaungana mbilimbili na kupaa. Adui mkubwa ni masizi ya kaboni, yanayofunika platini na kuziba vinyweleo. Salfa nyingi huua kichocheo, lakini ikitiwa kidogo kwa kipimo huzima zile sehemu kali za punje zinazovunja molekuli yenyewe. Kampuni ya Chiyoda ya Japani ilitumia mbinu hiyo, na mwaka 2020 hidrojeni ilisafirishwa kwa njia hii kutoka Brunei hadi Kawasaki. Nchini Ujerumani, kampuni ya Hydrogenious imechagua benziltolueni badala ya tolueni, kwa kuwa haishiki moto kwa urahisi.

Kichocheo huongeza kasi tu, hakipunguzi deni la joto. Kuitoa hidrojeni hula zaidi ya robo ya nishati iliyomo ndani yake, na hapo ndipo ugumu wenyewe ulipo.

Chukua mfano wa kaskazini mwa Kenya, ambako upepo si haba: mitambo 365 ya Loiyangalani, mashariki mwa Ziwa Turkana, ina uwezo wa megawati 310, na umeme wake husafirishwa hadi kituo cha Suswa. Je, hidrojeni ya upepo huo ingeweza kufikishwa Lowarengak, kijiji cha wavuvi upande wa magharibi karibu na mpaka wa Ethiopia, kwa lori kupitia mji wa Lodwar? Ingewezekana. Ila lori la lita 20,000 lingebeba takriban tani moja ya hidrojeni, yaani kama sehemu moja kwa sita ya nishati ya dizeli ya ujazo huohuo, kisha lirudi na mzigo wa tolueni wenye uzito karibu uleule. Kwa Lowarengak, paneli za jua na betri zinafaa zaidi. Vichocheo hivi vinafaa kwa bandari na viwanda vikubwa, ambako joto la ziada lipo tayari.