Soko la Viroboto: Ibra kwa Msafiri

Msomaji mpenzi, ukijaaliwa kufika Paris, hapana shaka wenyeji wako watakupeleka kuutazama mnara wa Eiffel. Nenda, macho hayana pazia. Lakini siku ya Jumamosi au Jumapili panda treni ya chini ya ardhi, uelekee kaskazini mpaka kituo cha Porte de Clignancourt. Pita chini ya barabara kuu iuzungukayo mji. Usidanganyike na vibanda vya kwanza viuzavyo nguo na viatu vipya. Songa mbele mpaka mtaa wa Rosiers, katika mji jirani wa Saint-Ouen. Hapo ndipo penye soko ambalo Wafaransa hulitaja kwa jina la viroboto.

Utaona makabati ya kale, saa za mfukoni zisizotembea, vikombe vya kaure, ramani, na medali za vita ambavyo waliopigana hawako tena. Bei nyingine zitakushangaza, kwani wanunuzi ni matajiri wa kila nchi. Je, hao viroboto wako wapi? Jawabu limo katika historia.

Katika karne ya 19 Paris ilikuwa na maelfu ya watu waliojipatia riziki kwa kuokota matambara. Walitembea usiku na taa, fimbo yenye ndoana, na kikapu mgongoni, wakichambua taka zilizotupwa mbele ya nyumba. Matambara yalinunuliwa na watengenezaji karatasi, mifupa ikafanywa gundi na vifungo, vyuma vikayeyushwa. Walikuwa mafukara, lakini walikula jasho lao.

Tarehe 24 Novemba 1883, mkuu wa mkoa wa Seine, Eugène Poubelle, alitoa amri kwamba wenye nyumba waweke vyombo vyenye vifuniko vya kutilia taka. Nia ilikuwa njema, kwani uchafu huleta maradhi. Lakini amri hiyo iligusa chakula cha waokotaji. Wakalalamika, na magazeti yakamkejeli mkuu huyo. Hata leo Mfaransa akisema “poubelle” hakusudii mtu, anakusudia pipa la taka!

Waokotaji wengi wakasukumwa nje ya ukuta wa ngome, uliojengwa kuuzunguka mji miaka ya 1841 hadi 1844. Nje ya ukuta huo palikuwa na ukanda wa ardhi ambao sheria ya kijeshi ilikataza kujengwa. Huko walitandaza chini walivyoviokota, na siku za Jumapili watu wa mjini wakatoka kutembea na kutazama. Ikasemwa kwamba nguo na magodoro yale yana viroboto, na dharau hiyo ikawa jina.

Mwaka 1908 treni ya chini ya ardhi ilifika Porte de Clignancourt, na wateja wakaongezeka. Ukuta ulianza kubomolewa mwaka 1919. Mwaka uliofuata Romain Vernaison akaugawa uwanja wake kwa vibanda vya kukodisha, na masoko mengine yakafuata. Mwaka 2001 eneo hilo likawekwa chini ya hifadhi ya serikali kwa ajili ya thamani yake ya kihistoria.

Sasa zingatia, ewe msomaji. Kilichofukuzwa kama uchafu kimekuwa fahari ya nchi. Je, fukara naye ameinuliwa? Karibu na soko hilohilo, miaka mingi baadaye, masikini wengine walitandaza chini viatu na vyombo walivyookota kwenye mapipa, na polisi wakawafukuza. Ndipo mwaka 2009 Mji wa Paris ulipowatengea baadhi yao nafasi 100 chini ya daraja. Wengine wengi walibaki bila nafasi.

Sisi tunaonunua mitumba Gikomba au Karume tunajua kwamba kilichomchosha mmoja humsitiri mwingine. Kwa hiyo, ukifika Saint-Ouen, patana bei kwa adabu na uulize kitu kimetoka wapi. Kisha urudipo kwenu, umtazame tena yule kijana apitaye alfajiri na gunia akiokota vyuma na chupa. Kabla hatujatoa amri ya kumwondoa ili mji upendeze, tumwulize kwanza atakula wapi.